Kondo la Mtoto wa Mboza

Hapo zamani, tena si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, bendera mpya haijapauka, nchi moja ndogo ilijijengea hospitali. Mkoloni alikuwa akifunga mizigo yake, akacheka: "Mtafugia kuku humo." Kuku? Thubutu! Watu wakabeba mawe vichwani, wanawake kwa wanaume, wodi ya wazazi ikasimama.

Ikasimama tupu. Kwa nini? Kwa sababu katika nchi ile kondo la nyuma huzikwa uani kwao mtoto, na asiyezikiwa kondo huitwa mtu asiye na kwao. Hospitali, kwa amri ya Waziri, ilitakiwa kulichoma kwenye tanuri la taka. Nani akubali mwanawe awe mgeni nchini mwake, na uhuru ndio kwanza umeingia?

Waziri akahamaki. "Sikukuu ya Uhuru ikifika wodi bado tupu, naigeuza nyumba ya wageni wa serikali."

Basi Mboza akashikwa na uchungu. Bi Siwatu, mkunga aliyezalisha mji mzima, akampapasa tumbo. Kisha akasema, "Mwanangu, mtoto amekingama. Hapa mikono yangu haitoshi. Twende hospitali."

Mama mkwe akaziba mlango. "Ukienda kumchomea mjukuu wangu kondo lake, usirudi!"

"Nipishe, mama," akasema Mboza. "Kondo bila mtoto ni la nini?"

Wakaenda. Daktari Haroub akampasua, mtoto akalia. Alipotoka, akamkuta Bi Siwatu mbele ya tanuri, mikono kiunoni. "Daktari, humu halitiwi kondo. Nichome mimi kwanza."

Haroub akaitazama amri ya Waziri iliyobandikwa ukutani. Akachota maji, akalizima tanuri. Akashika jembe mwenyewe, akachimba chini ya dirisha la wodi. "Uani kwake ni hapa," akasema. "Hospitali hii ya nani, kama si yake?"

Habari ikaenea. Kufika sikukuu, wazazi walikuwa wakilala wawili wawili kitandani. Lakini Haroub akafukuzwa kazi. Bi Siwatu hakuitwa tena na mtu, jiko lake likapoa. Mboza akafungiwa mlango kwa mumewe. Na Waziri? Akaja na jiwe lenye jina lake, eti libandikwe juu ya mlango! Wanawake wakampokonya, wakalifanya la kufulia nepi. Liko hadi leo.

Sasa pale juu liandikwe jina gani?

Haroub akasema, "Ningetii amri, kondo lingeungua, na mzazi wa pili asingekuja."

Bi Siwatu akasema, "Ungelizima tanuri kwa ajili ya nani, kama nisingemleta Mboza? Nilijua naua riziki yangu, nikamleta."

Mboza akasema, "Mmoja alinileta, mmoja akanipasua. Tumbo la nani? Nyie mlinizikia kondo baadaye. Mimi nilikuja moto ukiwaka."

Haya. Nyinyi mnaonisikiliza, makondo yenu yamejaa chini ya dirisha lile. Msiniambie "wote watatu," hilo ni jibu la waoga. Ngazi nimeegemeza, rangi nimekoroga, brashi iko mkononi. Je, niandike jina la nani?