Mama Aliyezikwa Mara Mbili

Aliyeazima kilio hulia peke yake. Mmeisikia leo pale kanisani, nikawaona mkitazamana, na sasa mnauliza imetoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa huku huku kwetu bondeni Kyela, kwenye migomba na kakao, na wapo wazee waliomjua msichana aliyeisababisha. Mambo yalikwenda hivi.

Msichana huyo aliitwa Subilaga. Alikuwa kifungua mimba wa Tupokigwe, mjane aliyelea wanawe kwa jembe la mpunga. Alipomaliza shule alikuwa na hamu moja tu: kuwa mkunga. Juu milimani, kwenye baridi na mashamba ya chai, palikuwa na chuo kidogo cha ukunga chenye bweni moja, ambacho wanafunzi wake wote walienea kwenye meza mbili za kulia chakula. Waombaji walikuwa wengi, wanaopokelewa wachache, na wasichana wa bondeni walirudi kutoka huko mikono mitupu.

Mama yake alimshonea gauni, akamsindikiza mpaka barabarani. "Wakikuuliza, jibu ulichonacho," alimwambia. "Usijitafutie maneno makubwa."

Siku ya usaili, asubuhi nzima waombaji walipelekwa wodini kusaidia kazi ndogo ndogo. Subilaga alipewa mama kijana aliyekuwa na uchungu wa mimba ya kwanza, ambaye hofu ilikuwa imemshika hata akasahau kupumua. Alimkanda kiuno, akamweleza habari za mpunga wa nyumbani na ndege wanaoumaliza, mpaka yule mama akatulia. Hakujua kama kuna mtu anayemtazama.

Mchana waliwekwa kwenye benchi nje ya ofisi, wakawa wanaitwa mmoja mmoja. Aliyekaa naye aliitwa Anyelwisye, msichana mchangamfu ambaye dada yake alikuwa ameomba kabla yake akakosa.

"Swali lao ni moja," Anyelwisye alimnong'oneza. "Kwa nini unataka kuwa mkunga. Wewe utasemaje?"

Subilaga alimweleza. Mama yake alipomzaa kitinda mimba, alipelekwa zahanati akiwa na hali mbaya. Yeye, mtoto mdogo, alikaa mlangoni akisubiri. Kisha mkunga akatoka akifuta mikono, akamwambia, "Wote wazima." Tangu hapo alitaka kuwa mtu anayetoka mlangoni na maneno hayo.

"Ni zuri," alisema Anyelwisye. "Lakini hapo hakuna aliyeumia. Dada yangu naye alisema mambo mazuri kama hayo. Aliyepata nafasi yake ni yatima, alilia mbele yao."

Basi mashaka yakamwingia. Jibu alilokuja nalo kutoka nyumbani, ambalo asubuhi lilikuwa kubwa kifuani mwake, sasa lilionekana dogo na la kitoto. Alilipindua huku na huku. Akajaribu kuliongezea hiki, kulipunguzia kile. Mara jina lake likaitwa.

Ndani walikaa watu watatu. Wa katikati alikuwa mkuu wa chuo, Mama Kihwele, mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Alimkaribisha kiti, akamuuliza swali lile lile. Subilaga akaanza vizuri. Alisimulia zahanati, akasimulia mlango, akamsimulia mkunga akitoka anafuta mikono. Alipofika hapo aliwatazama usoni, akaona kama hawajaguswa.

"Akaniambia mtoto ni mzima," alisema, "ila mama amefariki."

Machozi yalimtoka kweli, kwa sababu alimwona mama yake amelala pale kitandani. Mmoja wa wasaili aliinamisha kichwa. Mama Kihwele alisema, "Pole, mwanangu," na hakumuuliza zaidi.

Alipokelewa. Anyelwisye hakupokelewa.

Nyumbani Tupokigwe alipika kuku, akaalika majirani. Subilaga alikula bila kuonja. Alijiambia kwamba maneno ya ofisini hayawezi kushuka mlima mzima yakafika bondeni. Tena, akasema moyoni, nikishakuwa mkunga nitamtunza mama, na itakuwa kama sikusema.

Kila mama yake alipotaka kwenda kumwona chuoni, alimpa sababu. Mara mvua zimeharibu barabara, mara wanafunzi wana mitihani. Lakini Tupokigwe alisikia kwa watu kwamba kuna siku ambayo wanafunzi wapya huvikwa kofia zao mbele ya wazazi. Akafunga mchele kwenye kitenge, akapanda mlima bila kusema.

Subilaga alimwona uani, amesimama na Mama Kihwele, wakiamkiana. Alikimbia, akafika kabla mazungumzo yao hayajaenda mbali.

"Huyu ni mgeni wako?" Mama Kihwele alimuuliza.

"Ni mama mdogo," Subilaga alijibu. "Ndiye anayetulea."

Tupokigwe alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akamgeukia mkuu wa chuo.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni mama yake mdogo."

"Umefanya kazi kubwa kulea watoto wa marehemu dada yako," Mama Kihwele alisema, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akulipe."

"Amina," alisema Tupokigwe.

Alikaa mpaka sherehe ikaisha, akapiga makofi pale watu walipopiga. Subilaga alimsindikiza hadi getini. Walipofika, mama akauliza taratibu, "Mimi nilikufa kwa nini?"

"Kwa uzazi."

"Wa yule mdogo?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ile nilimshukuru Mungu kuliko siku zote za maisha yangu," alisema Tupokigwe. Alijifunga kitenge chake upya. "Sasa usinifufue. Watakufukuza, na njaa ya nyumbani unaijua. Nitakuwa mama mdogo."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Rudi ndani, baridi hii ni kali."

Huo ndio msamaha uliomtesa Subilaga kuliko kipigo. Kila alipoandaa maneno ya kumwendea Mama Kihwele, alikumbuka kwamba mama mwenyewe amekataza. Alilala na ukweli, akaamka nao, akaenda nao wodini. Wenzake walipoongea habari za mama zao, waliteremsha sauti akipita, kwa kumhurumia.

Masika yalipokolea, binamu yake Asajile alifika getini amelowa. Alimwambia mlinzi kwamba mama mdogo wa Subilaga anaumwa sana, anaomba aje. Kisha alipobaki na Subilaga pembeni alisema, "Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema tuseme hivyo. Sijaelewa kwa nini. Lakini fanya haraka."

Subilaga alikwenda ofisini. Wodi ilikuwa imejaa wiki hiyo, na wakunga wawili walikuwa wagonjwa. Mama Kihwele alimsikiliza hadi mwisho.

"Nakuonea huruma," alisema. "Lakini sheria yetu unaijua. Katikati ya zamu tunamruhusu mwenye kuuguliwa na mzazi tu. Nikikuruhusu wewe kwa mama mdogo, kesho watakuja wengine kwa shangazi na kwa mjomba. Angekuwa mama yako mzazi, ungeondoka sasa hivi. Vumilia mpaka Jumamosi."

Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Lilihitaji pumzi moja tu. Lakini akawaza: nikisema, nitafukuzwa, na aibu aliyoivumilia mama pale uani itakuwa ya bure. Akawaza tena: huenda si ugonjwa mkubwa. Akasema, "Asante, mama," akatoka.

Asajile aliteremka peke yake. Subilaga alifanya zamu yake akimwaga maji, akiangusha vyombo. Kesho yake akashindwa. Aliingia ofisini bila kubisha, akapiga magoti, akasema yote, tangu benchi mpaka getini.

Mama Kihwele alifunika mdomo kwa mkono.

"Siku ile ya usaili," alisema hatimaye, "mimi nilikuwa nyuma ya pazia wodini. Nilikuona na yule mama mwenye uchungu. Tulishakuchagua kabla hujaingia humu. Lile swali huwa tunauliza ili kumzoea mtu tu." Alisimama. "Nenda kwa mama yako. Mengine baadaye."

Subilaga alifika bondeni kwenye matope mpaka magotini. Kutoka mbali aliona watu uani, akaona udongo mbichi nyuma ya nyumba, na migomba iliyokatwa kupisha kaburi. Walikuwa wamezika asubuhi ile, wakijua haji kabla ya Jumamosi.

Alitaka kujua mwisho wa mama yake ulikuwaje, Asajile akamsimulia. Mama alikuwa akigeuka kila mlango uliposukumwa. Aliuliza, "Amepata ruhusa?" Wakimjibu bado, alisema, "Si kosa lake, ni sheria." Mpaka mwisho alisema hivyo.

Kwetu mtoto wa marehemu akichelewa kufika, wanawake humpokea njiani, wakamshika mabega, wakaangua kilio naye mpaka kaburini, asije akaanguka. Wanawake walikwishainuka kwenye majani ya migomba waliyokalia. Lakini mama mkubwa Ngwisa, dada wa marehemu, aliwanyooshea mkono. Yeye peke yake ndiye aliyeambiwa siri ile, usiku Tupokigwe aliporudi kutoka mlimani.

"Kaeni," alisema. "Huyu alishamlilia mama yake zamani, mbele ya watu wasiomjua. Aliyeazima kilio hulia peke yake."

Wakakaa, mmoja mmoja, bila kuelewa. Subilaga alipita katikati yao akaenda nyuma ya nyumba. Alianguka juu ya ule udongo, akalia mpaka sauti ikamkauka, na hakuna mkono uliomshika.

Chuo hakikumrudisha, naye hakuomba. Alibaki bondeni akilima shamba la mama yake, akawalea wadogo zake. Ngwisa alijuta baadaye kwa ukali wake, akamwendea wakapatana. Lakini neno lilikuwa limekwishamtoka, na waliolisikia walikuwa wengi. Likaenda nao masokoni, likaenda mashambani, likapanda mlima hadi kwenye chai.

Basi ndugu zangu, mnaojiandaa kwenda kuulizwa mlivyo na mlikotoka, mtu akiwaambia habari yenu ni ndogo, mkumbukeni Tupokigwe aliyezikwa mara mbili, na mwanawe ambaye mara ya kwanza alimzika kwa mdomo, na ya pili hakumwahi. Aliyeazima kilio hulia peke yake.