Kidole Kilichonyooka

Sogeeni mbele kidogo, nyie wa nyuma, mnaegemea ukuta kama mmekuja kungoja basi. Nina kisa. Nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kuangaliana mkitafuta nani anasemwa. Kwa sasa hasemwi mtu.

Kulikuwa na marafiki wawili, mmoja fundi baiskeli, mwingine mwashi. Walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni na wakachapwa na mwalimu mmoja. Siku walipomzika yule mwalimu, wakati wa kurudi kutoka makaburini, mwashi alimshika mwenzake mkono akamwambia, "Sahibu, mimi kufa siogopi sana. Naogopa kufa nikiwa sina wa kunitamkia. Tupeane ahadi. Atakayetangulia, mwenzake awe sikioni pake."

"Nimekubali," akasema fundi baiskeli. "Labda tu niwe sipo mjini."

Hiyo ahadi mnaijua nyote. Mtu anapokata roho ulimi unakuwa mzito, basi unamwinamia, unamtamkia shahada polepole, ili neno la mwisho kuingia sikioni mwake hapa duniani liwe lile. Kazi hiyo haihitaji shekhe, hata mtoto wa chuo anaiweza. Inataka uwepo, na uwe unamtazama.

Miaka ikaenda. Mwashi akaugua, ugonjwa ule unaomkausha mtu mpaka anabaki macho. Hospitali wakasema mrudisheni nyumbani, mkae naye. Na fundi baiskeli akawa anakuja kila alasiri akishafunga karakana. Msimwone mtu mbaya huyu! Alikuwa anakuja. Wangapi humu tunakwenda kumwona mgonjwa siku ya kwanza na mfuko wa machungwa, halafu basi, tunasubiri kutangaziwa msiba?

Ila huyu bwana alikuwa na simu, na siku zile dunia ilikuwa inawaka. Nchi moja ya mbali ilikuwa inapigwa mabomu, nyingine imefunikwa na maji, kwingine watu wanakimbia njaa na watoto mgongoni. Yeye moyo wake ulikuwa laini, alikuwa akilia kweli, machozi siyo ya kuigiza. Na tuseme ukweli, kukaa kimya na mtu anayekufa kunatisha. Kwa hiyo akishaketi tu kwenye kigoda, simu inatoka.

"Sahibu, umeyasikia ya leo? Wamepiga mpaka hospitali! Hospitali, yakhe! Wagonjwa wamo ndani!"

"Nimesikia," mgonjwa anajibu, sauti imekwisha. "Lakini sahibu, mimi naona kama siku zangu…"

"Aa, aa! Usiseme hivyo. Utapona, inshallah. Wewe pumzika, ngoja nikusomee na hii."

Hapo nani kati yetu hajawahi kusema hivyo? Mtu anataka kutuaga, sisi tunamziba mdomo kwa utapona, utapona. Tunadhani tunamfariji. Je, tunamfariji yeye, au tunaificha hofu yetu wenyewe?

Ikafika siku. Mke wa mgonjwa akamwambia, "Shemeji, leo hajanywa hata maji, na pumzi zake sizielewi. Nakuomba umkalie, nikamwite kaka yake hapo sokoni. Usimwache."

"Nenda, shemeji. Siondoki."

Na hakuondoka! Alikaa chumba kilekile na mgonjwa wake. Lakini chumba kile mtandao ulikuwa unashika upande wa dirishani tu. Basi akasogeza kigoda, akageukia dirisha, kitanda kikawa mgongoni kwake.

Habari ya siku hiyo ilikuwa ya meli. Imejaza wakimbizi, imezama, na mtangazaji anahesabu: waliookolewa hawa, wasioonekana hawa, miili iliyoopolewa hii. Yule bwana akashindwa kujizuia. Akalia, akajifuta kwa mkono wa kanzu.

"Dunia imekwisha, sahibu," akasema huku macho yakiwa kwenye kioo cha simu. "Hebu fikiria, mtu anakufa hivi hivi, hana wa kumshika mkono, hana hata wa kumtamkia!"

Mgonjwa hakujibu. Yule bwana akadhani amelala.

Mlango ukafunguliwa. Mke akaingia, akasimama, akasema neno moja tu: "Shemeji."

Ndipo akageuka.

Rafiki yake alikuwa ameulaza uso upande wa dirishani, macho wazi, yanautazama ule mgongo wa mwenzake. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka ndani ya shuka, umelala kifuani. Vidole vingine vimekunjwa. Kimoja kimenyooka, kile tunachokinyoosha hapa tukiketi kwenye tahiyatu, mwisho wa sala. Ulimi ulipokataa, maskini, aliitoa shahada yake kwa kidole, akawa anangoja mtu wa kumsaidia maneno.

Mke hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Ameondoka sasa hivi?"

Fundi baiskeli hakujua.

"Alisema nini?"

Hakujua.

"Ulimtamkia, shemeji?"

Na ile simu mkononi mwake bado inasema, bado inahesabu maiti. Hiyo ndiyo sauti iliyoingia mwisho katika sikio la yule mwashi. Mtu mmoja tu alikuwa amemwahidi, na alikuwa humo humo ndani, hatua mbili. Ya Rabbi! Mimi nimekitunga mwenyewe kisa hiki, na nikifika hapa mwili unanisisimka.

Sasa msitoke hapa mkasema ustadhi amekataza habari. Sijakataza. Wale waliozama ni watu, wana haki ya dua zetu, na mwenye kitu cha kuwapelekea apeleke. Asiyeumia kwa maumivu yao ana ugonjwa moyoni. Lakini nawauliza: machozi ya yule bwana yalimtoa nani majini? Yalimfikia nani? Alimlilia mtu anayekufa peke yake baharini, na nyuma ya mgongo wake mtu akafa peke yake kitandani. Sisi tumekuwa hivyo. Huruma yetu imejifunza kusafiri mbali, nyumbani haikai. Ya mbali hayatuombi tuamke tukaoshe kidonda, hayatuombi tuvumilie harufu ya chumba. Tukichoka nayo tunazima simu, tunalala.

Nilisema mwanzo kwamba hasemwi mtu. Sasa anasemwa.

Geukeni mtazame ile nguzo ya kulia, safu ya kwanza. Pale hukaa nani? Mbona mnaangalia chini? Pale hukaa Mzee Shomvi, aliyekuwa akifika kabla ya mwadhini na kuitandika hii mikeka mliyokalia. Jana baada ya Isha, hapo barazani, mmebishana juu ya vita vya ng'ambo mpaka wawili wamenuniana. Majina ya majenerali mnayajua, silaha mnazijua. Mzee Shomvi yuko wapi? Ijumaa zimepita ngapi nguzo ile iko peke yake? Nani ameniuliza?

Nilikuwa kwake asubuhi. Hatakaa sana, ndugu zangu, nawaambia kama nilivyoona. Hana nguvu ya kugeuka, mpaka ageuzwe. Hakulalamika, hakumtaja mtu kwa ubaya. Aliniuliza jambo moja tu: "Ustadhi, siku hizi mahali pangu anakaa nani?" Nilitaka kumwambia pamejaa, afurahi. Nikamwambia ukweli, kwamba pako wazi. Akasema, "Basi hawajanisahau, wananiwekea." Nilitoka nje nikalia.

Darsa la leo linaishia hapa, sina dua ndefu. Nyumba yake iko nyuma ya soko la nafaka, mlango wa bati la buluu, haufungwi. Magharibi bado. Inukeni sasa hivi, na mtakaofika kwanza mkae ule upande ambao mtandao haushiki.