Kesi ya Mwisho ya Hakimu Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile kupe aliweza kumshtaki ng'ombe kwa kosa la kujikung'uta, nchi saba za wanyama ziliungana zikawa shirikisho moja. Na shirikisho lisilo na mahakama ni ugomvi mtupu. Basi wakubwa, yaani Tembo, Simba na Nyati, wakatafuta hakimu.

"Tumchague nani?" akauliza Tembo.

"Asiyeweza kumla mtu!" wakapaza sauti wadogo kwa pamoja.

Ndivyo Sikudhani alivyopata kiti. Alikuwa pimbi, mnyama wa majabalini, kimo chake hakimpiti sungura, lakini akili yake wembe. Siku Simba alipoletwa kwa kosa la kula mbuzi wa watu, alinguruma, "Ngrrruuum!" mpaka vumbi likatimka. Sikudhani hakupepesa jicho.

"Karani, andika," akamwambia Kasuku. "Mshtakiwa amenguruma. Sasa aulizwe kama ana shahidi."

Watu wakacheka, mbavu hawana! Simba akahukumiwa kuwachunga mbuzi waliobaki, na akawachunga kweli.

Lakini kiti kile kilikuwa na masharti. Hakimu hali chakula cha mtu wala haingii nyumba ya mtu, kwa kuwa mwenyeji wa leo ndiye mshtakiwa wa kesho. Na aliyekikalia hakiachi ila kwa kifo.

Miaka ishirini na miwili Sikudhani alikula peke yake. Pimbi hawakuumbwa kuishi hivyo, jamani. Kwao, kila asubuhi hujazana juu ya jiwe, ubavu kwa ubavu, wakiota jua na kusengenyana. Yeye aliota jua nyuma ya mahakama, akiegemea ukuta ili ubavu wake upate kitu cha kugusa. Alipakumbuka kwao mpaka moyo ukamuuma.

Siku moja Mbayuwayu akatua dirishani, viri! viri!

"Mheshimiwa, natoka kwenu Mawe Mekundu. Mama yako haoni tena. Kila kukicha anauliza, 'Siku wangu amekuja?' Ndugu zako humwambia bado. Fanya haraka, dada yangu."

Sikudhani akaenda mbio kwa wakubwa, akapiga magoti. "Wazee wangu, niachilieni niende kwa mama."

"Na kesi atasikiliza nani?" akasema Tembo. "Sheria ni sheria, mwanangu."

Nyati akacheka, "Hoo hoo! Kwani ni kazi hiyo? Kukaa na kutikisa kichwa! Mimi ningezimaliza kesi zote kabla chai haijapoa!"

Sikudhani akaondoka analia. Angeweza kutoroka, njia aliijua. Lakini ni wangapi aliowafunga kwa kuvunja sheria? Akaona haya. Machozi yalipokauka, akayakumbuka maneno ya Nyati, akatabasamu.

Kesho yake Kasuku akaita, "Kwaa! Sikudhani dhidi ya Shirikisho!"

Sikudhani akashuka kitini, akaenda kusimama mahali pa mlalamikaji.

"Mwenye kesi hajihukumu," akasema. "Nahitaji hakimu mwenye akili, na mabega pia. Sijui kama yupo."

Mabega! Nyati akajitoma mbele, akaketi, puu! Kiti kikalia, kwichi! Kasuku akamsomea kiapo, naye akakirudia huku akichungulia kama wake zake wanamwona: "Nimekikalia kiti hiki, sitakiacha ila kwa kifo. Haya, Bibi, sema shida yako!"

"Nataka kwenda kwa mama, Mheshimiwa. Ni hilo tu."

Hata Simba akainamisha macho. Lakini Nyati alitaka kuonekana mkali.

"Ombi limekataliwa! Hakimu haachi kiti! Rudi ukakae sasa hivi!"

"Nimetii, Mheshimiwa. Nipishe nikae."

Nyati akainuka nusu.

"Kwaa! Kaa chini!" Kasuku akapiga kelele. "Umeapa! Hakimu haachi kiti!"

Nyati akarudi chini, puu! Akamtazama Sikudhani. Akamtazama Tembo, naye Tembo alikuwa anacheka mpaka mkonga unatetemeka.

"Lakini... lakini mimi nina mama!" akalia Nyati.

"Kila hakimu ana mama, Mheshimiwa," akasema Sikudhani, na hakucheka. "Waambie wakubwa wenzako waibadilishe sheria yao. Mimi niliwaomba, hawakunisikia. Wewe watakusikia."

Akatoka mbio, tiki tiki tiki, siku tatu njiani hakulala vizuri wala hakula vizuri. Akamkuta mama juu ya jiwe, macho meupe. Mama akampapasa masikio, uso, mgongo.

"Nani huyu?"

"Ni Hakimu wa Shiri..." Akalikatiza neno. "Ni Siku, mama."

"Mbona umekonda hivi?" akasema bibi kizee. "Huko kwa wakubwa walikuwa hawakulishi? Sogea huku, umenizibia jua."

Na yule aliyemnyamazisha Simba akalia kwa sauti mbele ya ukoo mzima, wala hakuona haya.

Mkitaka kujua uzito wa kiti, wanangu, msimuulize anayekitamani, muulizeni anayekikalia.