Lori Lisilo na Sauti

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa banda la magari."
"La nani hilo? Tuambie, tumeshakaa."

Basi, zamani za injini, Nguchiro alikuwa fundi. Akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, ugonjwa wote anausikia. Kwa-kwa-kwa, hiyo vali. Pu-pu-puu, hiyo plagi. Hata siku ya harusi yake alinukia oili, na bibi harusi hakulalamika. Raha iliyoje, jamani, zamani hizo!

Mwenye banda alikuwa Kiboko, mkubwa wa mwili, mkubwa wa tamaa. Siku moja akaleta malori ya umeme. Hayana oili, hayana plagi, hayana moshi. Akamwambia Nguchiro afungashe vyake kesho, fundi wa injini hana kazi tena. Nguchiro alilia. Kazi nyingine hakuijua, wala hakutaka kuijua.

Sasa huko kwao, mnyama hanunui lori bila kulisikiliza. Nyati akaja, akafumba macho, akasikiliza. Kimya. Akasema hili limekufa, akaenda zake. Punda Milia akaja, akafumba macho, akasikiliza. Kimya. Naye akaenda zake.

Kiboko akaketi chini kando ya lori. Nguchiro akamsogelea.

"Bosi, lori ni zima. Limekosa sauti tu. Na bonde lote hili, sauti nzito anayo nani?"

"Mimi," akasema Kiboko.

"Na humo mbele hamna injini. Pako wazi."

Kiboko akajikunja, akajibana, akaingia. Nguchiro akafunga boneti, pa! Akamwita Nyati. Ngruuum, ngruuum! Nyati akaagiza lake palepale.

"Nifungulie," akasema Kiboko, "koo limekauka."

"Sawa, Bosi. Ila Punda Milia huyo anarudi. Nifungue?"

"Acha kwanza."

Ngruuum! Akitaka kutoka, mnunuzi anakuja. Mnunuzi akija, Kiboko anasema acha kwanza. Kesho ikafika, ikapita, na wa kumfukuza fundi yumo ndani ya boneti.

Jioni moja Kiboko akauliza kwa sauti iliyokauka, "Nguchiro, nanguruma kama malori yale ya zamani?"

Nguchiro alikuwa amefumba macho, mashavu yamelowa.

"Bado kidogo, Bosi. Rudia."

Funzo, wanangu: bosi akikufukuza, ondoka upesi, na usimdanganye kamwe.

Ngano yangu imezimika hapa. Anayeitaka aisukume.