Salama Kabisa

Mficha uchi hazai. Maana yake ni nyepesi: mwenye shida akiwaficha wanaoweza kumsaidia, asitarajie msaada. Kila mtu anaijua methali hii, na wanaoijua zaidi ndio wagumu zaidi kuifuata. Mfano ni fundi mmoja wa majokofu. Anayejua vizuri habari zake ni mkewe, aliyekuwa akipokea wateja pale pale karakanani, na ambaye subira yake ilikaribia kumwishia.

Fundi huyo alikuwa hodari wa kazi, lakini alichukia kitu kimoja: mteja mwongo. Mtu alikuwa akileta jokofu lililokufa, akiapa kwamba lilizima lenyewe bila kuguswa. Fundi alikuwa akilifungua, akimwonyesha kitundu kwenye ukuta wa sehemu ya barafu, na kumuuliza kama kisu nacho kilijichoma chenyewe. Kisha mahubiri yakaanza. "Mficha uchi hazai. Ungesema ulikwangua barafu kwa kisu, ningejua pa kuanzia." Mkewe aliyasikia mahubiri hayo mpaka akawa anayamalizia kimoyomoyo.

Basi fundi akapatikana na saratani ya utumbo. Alipasuliwa katika hospitali kubwa, kisha daktari bingwa akapanga dawa za dripu zitolewe kwenye kituo cha afya cha mtaani, ili asichoshwe na safari. Mkewe alishukuru, maana kituo kilikuwa nyuma ya soko tu. Siku ya kwanza nesi aliwakalisha wote wawili, akawaeleza mambo bila haraka. Homa ikipanda, wasingoje kesho, wapige simu saa ile ile. Dawa nyingine yoyote, hata majani ya jirani mwema, aambiwe kwanza. Tena dawa hii huchokoza mishipa ya fahamu, kwa hiyo mgonjwa asishike vitu vya baridi, na vidole vikianza kuchomachoma au kufa ganzi aseme mapema, kwa sababu ganzi ikizoea mkono inaweza isiondoke.

"Daktari yuko mbali, baba," nesi alimaliza. "Anachokijua ni kile ninachomwambia mimi, na ninachokijua mimi ni kile unachoniambia wewe."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora wa darasa. Lakini mganga hajigangi.

Haukupita muda mkewe akaanza kuona vituko. Fundi alirudi kwenye majokofu yake, eti anaangalia tu. Akigusa barafu, aliurusha mkono kama aliyepigwa na umeme, kisha akajifanya anafukuza nzi. Bisibisi zilimponyoka. Vifungo vya shati akawa anafungiwa na mkewe, kwa kisingizio kwamba matundu ya shati yamebana. Lakini nesi akipiga simu kumjulia hali, jibu lilikuwa lile lile: "Salama kabisa, binti yangu." Na vidole? Salama kabisa.

Mkewe alimsihi kwa upole, akamfokea, akamnunia. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Fundi alisema mwanamume hujikaza kisabuni, na kwamba mtu akiulizwa hali hawezi kuanza kumwaga malalamiko kama asiye na adabu. Mke akabaki anajiuliza ni adabu gani hiyo ya kumdanganya anayekutibu. Kuna siku alitamani kumtikisa mabega. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa kuwa mikono ile ndiyo iliyosomesha watoto wao, na bila mikono ile mumewe asingejua yeye ni nani.

Asubuhi ya dripu nyingine, fundi alikuwa akichomelea bomba la shaba. Mkewe alinusa harufu ya nyama ikiungua kabla mwenyewe hajagundua kwamba kidole chake cha mkono wa kushoto kimegusa bomba. Alimsafisha, akamfunga kitambaa, asiseme neno. Fundi angekuwa na akili angeuogopa ukimya ule.

Kituoni nesi aliuliza habari ya kitambaa. Fundi akasema ni ajali ya kazi tu. Na ganzi je?

"Salama kabisa."

"Nesi, naomba dakika moja," mkewe alisema, akamgeukia mumewe. "Fundi, fumba macho. Nyoosha mkono huo mwingine."

Hakuwa na kawaida ya kumwita Fundi. Hilo lilikuwa jina la wateja; nyumbani alikuwa Baba Watoto. Kwa mshangao, akatii. Mke akatoa skrubu ndogo mfukoni, akailaza taratibu juu ya ncha za vidole vya mumewe, akangoja.

"Weka basi," fundi alisema.

"Nimeshaweka."

Alifumbua macho, akaiona skrubu ile vidoleni mwake. Ndipo maneno yakamtoka. Aliogopa kwamba akisema, dawa itasimamishwa na saratani itapata njia.

Nesi alishusha pumzi ya mtu aliyechoka kusikia jambo lile lile kwa wagonjwa. Akamweleza kwamba daktari angeweza kupunguza dawa hiyo, au kuiacha na kuendelea na nyingine, na matibabu yasikatike. Alimpigia daktari pale pale, na mpango ukabadilishwa. Wangeubadilisha mapema vivyo hivyo, kama mtu angefungua mdomo.

Matibabu yalikwisha na vipimo vikatoka vizuri. Ganzi nayo ilipungua, lakini ncha za kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia hazikuamka. Nesi alisema huenda zikaamka polepole, huenda zisiamke. Siku hizi skrubu ndogo hufungwa na mkewe, ambaye hakuomba ajira hiyo, huku fundi akimsimamia kwa maelekezo yasiyokwisha.

Juzi mteja alileta jokofu, akaapa limezima lenyewe. Mke akasubiri mahubiri. Fundi alinyoosha mkono kuchukua skrubu mezani, ikamponyoka na kubingirika mpaka miguuni pa mkewe.

"Mwambie wewe, Mama Watoto," alisema kwa sauti ndogo.

Mke aliinama, akaiokota, akamwambia mteja neno ambalo mumewe alililipia kwa vidole viwili: mficha uchi hazai.