Vidole Chini ya Shali

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bara huko Yemen paliishi dalali wa ngamia aliyeitwa Dhakwani. Alikuwa mtu wa sala tano, hadhulumu yatima wala hasemi uongo juu ya mnyama mgonjwa. Lakini soko lilikuwa limemwingia mpaka kwenye mifupa.

Katika soko lile bei haikutamkwa kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi waliingiza mikono yao chini ya shali moja, wakabinyana vidole. Kila kidole na maana yake, na waliosimama karibu wasijue lolote. Hapakuwa na mtu aliyemshinda Dhakwani chini ya shali. Wenzake walimtania, wakisema, "Ukishikana mkono na Dhakwani, ukiutoa hesabu vidole vyako!" Naye hucheka na kujibu, "Dalali akionyesha bei yake ya mwisho mapema, amekwisha."

Dhakwani alijaaliwa mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba, jina lake Lubaba. Mwaka mmoja, siku za baridi, Lubaba alishikwa na homa kali. Siku ya kwanza alikataa chakula. Siku ya pili maji yalimshinda kumeza, na miguu yake ikalegea kama kamba iliyolowa. Tabibu akamgusa paji la uso, akamwambia Umaima, mama wa mtoto, "Mpanguseni kwa maji, na mwombeni Mola wenu." Akaondoka bila kusema atarudi lini.

Basi Dhakwani akaomba. Lakini mtu huomba kwa namna aliyozoea kuishi. Alisema moyoni, "Ewe Mola, ukimponya Lubaba, nitachinja ngamia niwalishe maskini." Na ngamia aliyemkusudia alikuwa mzee mmoja chongo, ambaye hakuna mnunuzi aliyewahi kumtazama mara mbili. Alianza chini, kama wafanyavyo madalali. Kesho yake homa ikapanda. Dhakwani akaona bei yake imekataliwa, akaongeza ngamia wa pili, huyu mzima. Siku iliyofuata akaongeza wa tatu. Ila Ghazala, jike mweupe aliyesifiwa mji mzima, hakumtaja. Huyo alimweka nyuma, awe neno la mwisho.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, aliwapeleka wanyama wake kisimani. Hapo alikuwepo Bi Rayta, mjane mcha Mungu, aliyekuwa akivuta kamba ya ndoo kwa mabega yake na kuwanywesha wanyama wa watu. Dhakwani aliketi kando, amejifunika shali kwa ajili ya baridi, midomo ikimcheza. Bi Rayta akamtazama kwa muda, kisha akaweka ndoo chini.

"Mwanangu, unapatana bei na nani?"

Dhakwani akashtuka. "Sipatani bei, mama. Naomba dua. Mtoto ni mgonjwa."

"Dua? Mbona vidole vinabinyana chini ya shali?"

Dhakwani akatazama mapajani mwake, akaona kweli vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi peke yake, mkono mmoja ukiubinya mwingine. Haya ikamshika. Akamweleza yote: ngamia wa kwanza, wa pili, wa tatu, na jinsi homa isivyoteremka.

"Na yule mweupe uliyemficha?" akauliza Bi Rayta.

Dhakwani akajivutia shali, na Bi Rayta akaendelea:

"Sokoni mnafunika mikono ili mwenzako asijue ulicho nacho. Sasa huyu Mola unamficha nini, naye ndiye aliyemuumba Ghazala na kumleta zizini kwako? Nadhiri ulizoweka, ukidaiwa zitimize, kwani ahadi ni deni. Lakini usidhani homa ya mtoto inapanda kwa sababu umetoa bei ndogo. Mola wetu si mfanyabiashara, mwanangu."

"Nikiomba bila kutoa kitu, nitamshika kwa lipi?" Dhakwani akasema. "Wewe uliwahi kumwombea mtoto, mama?"

"Niliwahi. Harithi wangu. Niliomba mpaka machozi yakanikauka, na Mola akamchukua."

"Basi ulipata nini?"

Bi Rayta akaishika tena kamba ya ndoo. "Nilipata wa kumlilia," akasema. "Mfanyabiashara haliliwi, mwanangu. Nenda nyumbani."

Dhakwani akarudi. Alimkuta Umaima ameketi penye kichwa cha mtoto na kitambaa cha maji. Akavua shali, akaiweka chini, akanyanyua mikono yake mitupu. Akasema, "Ya Rabbi, mtoto ni wako, nami ni wako. Sina cha kukupa ambacho si chako. Naogopa. Tuhurumie." Hakuongeza neno.

Umaima, aliyekwisha kuambiwa zile nadhiri, akauliza, "Umemwahidi nini leo?"

"Sikumwahidi kitu."

"Hukumwahidi kitu! Mtoto yuko hivi, wewe unamwonea uchungu Ghazala?"

"Ghazala namtoa kesho, mama Lubaba. Mtoto apone asipone."

Umaima akamtazama mumewe kana kwamba amemwona mtu mgeni. Kisha naye akanyanyua mikono, wakalia pamoja.

Asubuhi Dhakwani alimwongoza Ghazala mpaka kisimani, akaifunga kamba ya ndoo kwenye tandiko lake, ili kuanzia siku ile mnyama avute na mabega ya mjane yapumzike.

"Lubaba amepona?" Bi Rayta akauliza.

"Bado, mama."

"Basi umekuja kupandisha bei?"

"Bei ya nini? Hakuna ninachonunua. Nimeona tu kwamba umevuta kamba hii miaka mingi, na mimi nilikuwa nikikupita."

Homa ilimwachia Lubaba baada ya siku sita nyingine. Alikula, akacheka, akainuka. Lakini mguu wa kushoto haukurudi ulivyokuwa, akawa anauburuta. Dhakwani alitimiza nadhiri zake zote, na mahali pa yule chongo akachinja ngamia mzima. Siku aliyorudi sokoni na binti yake mgongoni, wenzake wakamzunguka.

"Dhakwani! Ngamia watatu na Ghazala juu yake, na mtoto bado anachechemea? Mara hii umepunjwa!"

Dhakwani akamtua Lubaba chini taratibu, akamshika mkono. Kisha akaufungua mkono wake wa pili mbele yao wote, ukiwa mtupu.

"Sikuuziwa, ndugu zangu," akasema. "Nimepewa."

Basi nasi tunaponyanyua mikono yetu, tuitazame kwanza. Imefunguliwa, na haina kitu ndani. Ndivyo tulivyofundishwa kuomba, ili kabla hatujasema neno, mikono iwe imekwisha kusema kweli. Mwenyezi Mungu atujaalie tumlilie Yeye katika kupata na katika kukosa. Amin.