Pete ya Dalali Mbwilo

Dalali Mbwilo alimnyang'anya Bi Zawena shimo lake la kuchimbia rubi. Mbele ya wachimbaji wenzake, akamwambia atamrudishia siku atakayomletea rubi halisi.

Kesho yake Bi Zawena akaja na kijiwe chekundu.

"Hiki ni kioo!" Mbwilo akafoka.

"Basi tukwaruze nacho jiwe la pete yako, bosi. Miaka yote unatuambia hiyo ni rubi, na kioo hakikwaruzi rubi. Ikibaki bila alama, shimo ni lako."

Wachimbaji wakasogea waone. Mbwilo akaficha mkono mfukoni.

"Nimekitazama vizuri," akasema. "Ni rubi. Chukua shimo lako."

Bi Zawena akashukuru, akarudi nyumbani kuzoa vipande vilivyobaki vya bilauri yake nyekundu.